Kulitaja Jina la Kaleb

Vijana wangu, hasa ninyi mnaotangaza maonyesho ya muziki kwa kubonyeza simu huku mmejilaza kitandani, sina ugomvi nanyi. Hata mimi nina simu. Mjukuu wangu amenifundisha kuiwasha, kuizima bado. Lakini maisha yangu yote ya kazi yamepita kwenye gari la matangazo, maiki mkononi, spika mbili juu ya bodi, na wiki hii nimepandishwa tena garini mara mbili, wakati nilikuwa nimeshajihesabu mstaafu. Nataka niwaambie kwa nini leo, kabla Jumamosi haijafika, maana watu wakishaanza kupiga makofi husahau haraka.

Ukumbi mnaujua. Ni ule mpya wa ufukweni, ambao ukikaa viti vya nyuma unaliona ziwa kupitia madirisha. Jumamosi unafungua msimu wa jazi na muziki wa mataifa, na kila Jumamosi itakuwa hivyo hivyo mpaka mvua zianze. Watakuja wapuliza tarumbeta kutoka ng'ambo, wapiga nyatiti kutoka kwa ndugu zetu Wajaluo, wazee wa ngoma wa Ukerewe, na taarabu kutoka pwani. Mwandaaji ni kijana anaitwa Deo, mwenye ndevu chache na adabu nyingi. Mabango ya kwanza aliyabandika yakisema "muziki wa dunia," na akina mama wa jumuiya yetu wakayasoma, wakaniuliza kama ni kweli ukumbi umejengwa ili watu wakatende dhambi hadharani. Nilimwambia Deo abadilishe. Akabadilisha siku hiyo hiyo, bila kunibishia, ndipo nikaanza kumpenda.

Alikuja nyumbani kwangu maji yamemfika shingoni.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

"Bibi, tumebandika, tumetuma kwenye makundi yote, vijana wanajua. Lakini wazee hawajui. Wale waliocheza dansi enzi zile, wa Mabatini, wa Butimba, hawa ndio ninaowataka waje. Wanasema hakuna anayewajua wazee kama wewe. Naomba nirekodi sauti yako, nizungushe kwenye gari."

Nikamwambia kurekodi sitaki. Sauti iliyorekodiwa haijibu salamu. Ukipita Mabatini ukatangaza, fundi cherehani atainua kichwa aulize, "Ni lini?" na mama muuza dagaa atauliza, "Na watoto wanaingia?" Usipowajibu hapo hapo, gari lako ni kelele tu kama kelele nyingine. Nikamwambia, kama unanitaka, nipakie mwenyewe, mzima mzima, na mto wa kuwekea mgongo.

Sasa ngojeni niwaeleze nilivyoijua kazi hii, maana haifundishwi chuoni.

Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza. Mzee Sudi wa Mabatini, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa na gari la matangazo ambalo mji mzima ulilijua kwa mlio wa injini. Koo lake lilikuwa limeanza kumsaliti. Siku moja akapita nje ya kanisa akanisikia, akangoja misa iishe, akiwa na kofia yake ya kiua, hana wasiwasi wala nini, akamwomba baba yangu aniachie nikafanye kazi. Baba akauliza, Mwislamu anataka nini kwa mwanakwaya? Mzee Sudi akamjibu kwamba yeye hataki dini yangu, anataka pumzi yangu. Baba akacheka, na kwa baba yangu kucheka ilikuwa ndiyo kukubali.

Alinifundisha vitu ambavyo mpaka leo nikiwa jikoni vinanitoka mdomoni. Kwamba Mwanza ni mji wa mawe, na sauti ikigonga mawe inarudi. Ukitangaza chini ya kilima bila kutulia, maneno yako yatagongana na maneno yako, na mtu atasikia vurugu tupu. Sema sentensi, nyamaza, iache iende na irudi, ndipo useme nyingine. Kwamba kwenye mitaa ya mabati sauti iwe ndogo, kwa sababu bati linakuongezea bila kuombwa. Kwamba upepo ukitoka ziwani, lipeleke gari mpaka kando ya maji ndipo ugeuze, utangaze ukiupa upepo mgongo, ukubebee maneno kwa watu. Adhana ikianza, unazima. Jumapili asubuhi huwashi kabisa. Karanga haziliwi kabla ya kazi, wala soda baridi. Maji ya uvuguvugu na tangawizi, basi. Na ukifika mahali pa Wasukuma, kama sokoni Magu, unaanza na "Mwadila," ndipo unaleta habari zako. Mtu hakusikilizi kama hujamsalimia.

Maiki yenyewe ilikuwa na tabia zake. Siku zangu za mwanzo niliimeza karibu yote, nikidhani ndiyo kutangaza. Tulipofika mwisho wa mtaa Mzee Sudi akateremka, akamuuliza mama mmoja, "Umesikia tunatangaza nini?" Mama akasema, "Nimesikia kuna mtu ana mafua." Nililia. Mzee Sudi akaninunulia chapati.

Lakini kitu kikubwa kuliko vyote alichonifundisha hakikuhusu sauti. Alikuwa amekisoma kwa machungu, na mimi nilikuwepo.

Ulikuwa msimu wa pamba, watu Magu wana furaha, na bendi moja ya hapa mjini ilikuwa inakwenda kupiga huko. Wakati huo kila bendi ilijiita jazi, hata ile yenye magitaa mawili na ngoma ya kuazima. Kiongozi wa bendi akamtajia Mzee Sudi wanamuziki wake, na katikati akamtaja mpiga gitaa mmoja, Petro, mzaliwa wa vijiji vya huko huko Magu. Mzee Sudi, siku hiyo maiki anayo yeye, akaona hapo ndipo pa kutia chumvi. Akazunguka soko lote: mtoto wenu Petro anarudi, Petro anakuja nyumbani, Petro huyo.

Bibi mmoja akaja mpaka kwenye mlango wa gari. Akashika kioo. "Ni kweli Petro anakuja?"

"Anakuja, mama."

"Umemwona?"

Mzee Sudi akasema amemwona. Hakuwa amemwona. Alikuwa amesikia, na kwake wakati huo kusikia na kuona vilikuwa kitu kimoja.

Siku ya onyesho bibi yule alifika jua bado kali, amevaa gauni la kanisani, na sufuria ya kuku ameifunga kwa kitambaa. Petro alikuwa ameshaiacha bendi zamani, ameenda zake, na kiongozi alimtaja kwa mazoea tu, kama mtu anavyotaja jino lililokwisha kung'oka. Hakuna aliyethubutu kumwambia bibi. Mzee Sudi ndiye aliyekwenda. Alimweleza, akakaa naye chini, na yule mama akafungua sufuria akamwambia, "Basi kula wewe." Akala. Nilimtazama mzee yule mzima akila kuku huku machozi yanaingia mdomoni. Halafu akampeleka bibi nyumbani kwake kwa gari.

Kesho yake tulirudi sokoni. Nilidhani tunarudi Mwanza. Hapana, alirudi sokoni, akapita njia ile ile, akatangaza: nilisema Petro atakuja, hakuja, na kosa ni langu. Watu walimcheka mpaka wakashika mbavu. Hakujali. Tangu siku hiyo kwenye gari letu ikawa sheria. Jina la mtu halitajwi mpaka mwenyewe amelikubali na nyumbani kwake wamelikubali, kwa sababu wa kwanza kulisikia ni wanaompenda. Na kilichotangazwa barabarani kinafutwa barabarani, kwa mdomo ule ule, njia ile ile.

Kwa hiyo Deo alipokaa kwangu akinitajia watakaopanda jukwaani Jumamosi, nilimwacha aende mpaka akafika jina la Kaleb Lutonja. Hapo nikamsimamisha.

"Umemwona mwenyewe?"

"Nimeongea naye kwa simu, Bibi. Amefurahi mno. Amesema atapuliza."

"Nyumbani kwake umefika?"

"Bado."

"Twende."

Kaleb nimemtangaza ujana wangu wote. Mpuliza saksofoni, mwembamba, mtanashati, mwenye maringo ya kustahili. Akipuliza, hata waliokuwa wanagombana kaunta walinyamaza wakaangalia jukwaani. Siku hizi alikuwa anaishi Butimba kwa binti yake, Rebeka, mwalimu, mwanamke ambaye hacheki ovyo. Kifua cha Kaleb kilikuwa kimekwisha. Ukikaa naye ulikuwa unakisikia kinafanya kazi.

Tulimkuta barazani. Aliponiona alijaribu kusimama, nikamkataza.

"Perpetua," akasema, "umekuja kunitangaza?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Salamu baadaye. Kijana huyu amesema ukumbini wameandika jazi. Kwa herufi kubwa. Neno lile lilikuwa letu, Perpetua. Wewe unajua. Tumelibeba kwenye malori mpaka vijijini. Sasa limerudi, na mimi nisiwepo?"

Deo akamwambia, "Babu, bila wewe haitanoga."

"Unasikia? Juzi dukani kuna mtu kanitazama, kaniambia, 'Nilijua ulishakufa.' Hakuniambia kwa ubaya. Kaniambia kama anavyouliza bei ya sukari. Mimi sitaki kitu kingine. Nataka jina langu lipite barabarani, watu wajue nipo."

Rebeka akaniita jikoni. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua macho.

"Shangazi, naomba usimtaje."

Nikachukua sahani ya mchele, nikaanza kumsaidia kuchambua.

"Unakumbuka harusi ya pale kwa jirani? MC kaona baba amekaa, kalitaja jina lake tu, kwa heshima. Baba kasimama. Wakamtafutia saksofoni, sijui wameitoa wapi. Kapuliza mpaka kadondoka mbele ya maharusi. Nililala naye hospitali, Shangazi, nahesabu anavyovuta pumzi. Daktari kasema akipuliza tena ni kujiua. Mimi namjua baba yangu. Ukilitaja jina lake, hawezi kukaa. Hajawahi kuweza."

"Na tusipomtaja?"

"Atakasirika. Afadhali akasirike akiwa hai."

Ningesema nini? Binti alikuwa na haki, na baba alikuwa na haki, na mimi nimekaa katikati na sahani ya mchele. Nilirudi barazani nikamuuliza Kaleb kama anaweza kwenda ukumbini akakaa tu, mbele, watu wakamwona, saksofoni wakapuliza wengine. Alitazama barabarani. Akasema anaweza. Rebeka, kutoka mlangoni, akasema, "Baba, usiahidi usichokiweza." Akageuka kunitazama mimi. "Mimi sijakubali."

Tulipotoka, Deo alitaka tumtaje, maana mwenyewe amekubali. Nikamwambia kwenye gari ninalokaa mimi, nyumba isipokubali, jina halitoki. Kama anataka, akatafute sauti nyingine. Hakuitafuta. Nilijua namkera. Nilikuwa najikera mwenyewe pia, maana moyo wangu wote ulikuwa kwa Kaleb.

Jumapili alasiri ndiyo ilikuwa safari ya kwanza. Deo aliendesha mwenyewe, pikapu ya kuazima, spika nyuma, mimi mbele na mto wangu. Nilikishika kile kimaiki, nikajikaza kisabuni. Nilianzia Mabatini. Mwanzoni watu hawakuangalia, wamezoea kelele. Nikaanza kuwasalimia kwa majina, fundi nguo, mwenye duka la nondo, mama wa vitumbua, wale niliowajua na watoto wa wale niliowajua. Ndipo vichwa vikatoka. Mzee mmoja mwenye fimbo akapiga kelele, "Perpetua! Hujafa?" Nikamjibu kwenye spika, "Nakungoja wewe utangulie," na mtaa mzima ukacheka. Nikataja wa ng'ambo, nikataja nyatiti, nikataja Ukerewe, nikataja taarabu. Watu wakauliza, wa kwetu je? Wa hapa mjini hakuna? Nikasema karibuni Jumamosi mtaona.

Tukafika Butimba. Nyumba ya Kaleb iko kando ya barabara kabisa, huwezi kuikwepa. Alikuwa ametolewa kiti mpaka karibu na geti. Amevaa shati jeupe limepigwa pasi, na kichwani ile kofia yake ya enzi za bendi. Alikuwa ametusikia tangu mbali. Rebeka amesimama nyuma ya kiti, mikono kifuani.

Nilimwambia Deo asimame. Nikazima maiki. Nikamtazama Rebeka. Kaleb naye hakusema neno, na kwa mtu mwenye maneno kama Kaleb huo ulikuwa unyenyekevu mkubwa. Alikuwa amekaa pale kama mtoto aliyeambiwa akitulia atapewa.

Sijui Rebeka aliona nini kwenye kisogo cha baba yake. Alikunja uso, akafuta macho kwa kiganja, kwa hasira, akasema, "Haya. Mtaje. Lakini sema ataketi."

"Na saksofoni?" Kaleb akauliza.

"Saksofoni nimeifungia kabatini, na funguo ninazo mimi."

"Basi aseme tu kwamba mimi ni mpuliza saksofoni. Hilo nalo limefungiwa?"

Nikawasha. Nikasema: Kaleb Lutonja, mpuliza saksofoni, mzaliwa wa Magu, mkazi wa Butimba, yupo, ni mzima, na Jumamosi ataketi mstari wa mbele ukumbini pale ufukweni, na wanaompenda waje wamsalimie. Nikatulia kama nilivyofundishwa. Sauti ikaenda kwenye mawe ikarudi. Majirani wakatoka. Wa bodaboda wakapiga honi. Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo aliitua chini akapiga vigelegele, na nina hakika hakuwahi kumsikia Kaleb akipuliza hata siku moja. Kaleb aliivua kofia akaipunga. Alilia waziwazi, hakujificha. Tukarudi njia nzima tukilitaja jina lake, mpaka Mabatini, na wale walioniuliza wa kwetu yuko wapi wakapata jibu lao.

Niliingia nyumbani sauti imekwisha, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu niache kazi.

Jumanne asubuhi Deo alinipigia. Kaleb amefariki. Alikuwa ameamka vizuri, ananawa uso, akamwita Rebeka mara moja tu. Hakupuliza. Hakuigusa saksofoni. Daktari alimwambia Rebeka kwamba ulikuwa wakati wake, kifua kilikuwa kimeshachoka siku nyingi.

Mimi nilisikia yote hayo na hayakuingia. Kitu kimoja tu kiliingia: kwamba Rebeka aliniomba nisimtaje, nikamtaja, na kabla siku mbili hazijapita baba yake hayupo. Najua alinikubalia. Najua daktari alisema nini. Lakini mtu aliyefiwa hahesabu hivyo, na ningekuwa yeye nisingehesabu hivyo. Nilikaa kitandani na viatu nimevaa, nikashindwa kwenda msibani. Mimi, ambaye sijawahi kukosa msiba wa mtu wa bendi.

Deo alikuja. Macho mekundu, maskini. Akasema, "Bibi, tutatuma ujumbe kwenye makundi. Tutaweka picha yake, tutaeleza. Usisumbuke."

"Yule mama wa ndoo yuko kwenye kundi lako?"

Akairudisha simu mfukoni.

"Na mzee wa fimbo wa Mabatini? Hao wametuambia watakuja kumsalimia. Unataka wavae, waje, wamtafute kwa macho mstari wa mbele?" Nilikuwa namfokea, naye hakuwa na kosa. "Leta gari. Tumesema barabarani, tunarudi barabarani."

Vijana, sheria ni nyepesi kuisema ukiwa unafundisha. Jumatano alasiri nilipopanda lile gari nilitamani Mzee Sudi asingenifundisha kitu. Hatukuweka muziki. Nilisema maneno machache, sauti ya chini: tuliwatangazia kwamba Kaleb Lutonja ataketi nasi Jumamosi, hatutakuwa naye, amefariki, msiba uko Butimba kwa binti yake. Kisha nanyamaza, gari linakwenda kidogo, narudia. Mabatini wanaume walivua kofia. Cherehani zilisimama. Mzee wa fimbo aliinua fimbo yake akaishusha, hakunitania. Na kadiri tulivyokaribia Butimba, nilizidi kuuogopa uso wa Rebeka.

Gari la matangazo likikaribia msiba, mnajua au hamjui, linazima. Ukiona turubai na watu wameketi kwenye mikeka, hata kama unatangaza habari gani, unazima kabla hujafika, unapita taratibu, unawasha ukishavuka. Hakuna amri iliyoandikwa, ni aibu tu ya kibinadamu. Deo alizima mwenyewe bila kuambiwa. Kwa moyo mzito niliokuwa nao, hilo lilinifariji. Nikajisemea kijana ameiva.

Tukaingia mtaani kimya, taratibu. Turubai lilifunika mpaka nusu ya barabara. Watu wengi, walimu wenzake Rebeka, wanakwaya, wazee niliowaona mara ya mwisho wakicheza dansi. Wote wakageuka. Nilitaka tupite tu, nikaegeshe mbele, nishuke kwa miguu kama mfiwa mwingine.

Ndipo nikamwona Rebeka anatoka katikati ya wanawake. Kanga kiunoni, uso umevimba. Akaja moja kwa moja kwenye gari, na Deo akalisimamisha, maana angefanyaje. Nilishusha kioo. Nilijiandaa kupokea chochote atakachosema, na nilikuwa nimeapa sitajitetea.

"Shangazi, mbona mmenyamaza?"

"Ni msibani, mwanangu."

"Nimewasikia tangu kule chini. Kila mahali mmemtaja." Sauti ilimkwama, akaitafuta tena. "Kwenye nyumba yake ndiyo mnyamaze?"

Nilifungua mdomo. Vijana, mimi niliyetangaza kwenye upepo wa ziwa na kwenye kelele za soko, sauti haikutoka. Nilijaribu mara ya pili, ikatoka pumzi. Machozi ndiyo yaliyoitikia. Rebeka akanitazama, na nilichokuwa nimekiogopa kwenye uso wake sikukiona. Akanyoosha mkono dirishani.

"Nipe hicho."

Nikampa maiki. Mkono wake ulikuwa umelowa, alikuwa anaosha vyombo vya wageni. Nikamwambia kwa kunong'ona aishike mbali kidogo na mdomo. Deo akawasha.

"Mimi ni Rebeka," akasema, "binti yake Kaleb Lutonja, mpuliza saksofoni. Baba amefariki. Kesho tunampeleka kwao Magu, tunamzika. Jumamosi tutakuwa tumerudi. Onyesho lipo. Mimi na wanangu tutakuwepo, mstari wa mbele. Baba alitaka muende, basi njooni."

Akaishusha. Nilinyoosha mkono kuipokea, lakini hakunipa. Alisubiri mpaka sauti ikaenda kwenye mawe ikarudi. Halafu akaiinua tena na kulisema jina peke yake, Kaleb Lutonja, polepole, na wale waliokuwa wameketi kwenye mikeka wakaanza kusimama.